Sura Nilizificha Zote

Jumamosi, 1 Februari 2025

Shaaban imeingia na watu wameshikwa na wazimu wa kuozana. Kila mwenye binti anataka amtoe kabla ya Ramadhani, na kila anayemtoa anataka video. Na sherehe ya wanawake hapigi mwanamme. Kwa hiyo kuanzia Wete hadi Konde mpiga video ni mimi peke yangu, Ummu, na kamera ya Bwana Abdulnasir. Studio yake, kamera yake, begi lake. Mgongo tu ndio wangu.

Filamu yangu mwenyewe inasubiri. Siku zote inasubiri, mtoto wa kambo wa nyumba hii. Nina mikono ya wanawake wa Gando wakifukia makumbi ya nazi pwani. Nina wakiyafukua yameoza, wakiyapiga mpaka usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba, unatoka mweupe. Nina matope, nina kaa, nina kila kitu isipokuwa nyimbo. Na nyimbo anazo Bi Mwanawema, ajuza wa huko huko Gando.

Leo nimekwenda kwake tena. Kanipa chai, kanipa muhogo wa nazi, nyimbo hakunipa. Kasema yeye haimbii chuma. Chuma ni kamera. Nikacheka, lakini njiani kurudi nilikaribia kulia.

Jumatatu, 3 Februari

Kutwa naediti video ya vyoo! Ile ya mradi wa afya. Mzee mmoja anafungua mlango wa choo, anatabasamu, anafunga. Anafungua, anatabasamu, anafunga. Wenye mradi wamerudisha, wanataka atabasamu zaidi. Nitamtoa wapi meno?

Abdulnasir kanikuta nimefungua makumbi yangu kwenye kompyuta yake. Hakugomba. Kauliza tu, kwa ule upole wake wa kukera, kama makumbi yameshalipia luku ya umeme. Nikafunga.

Lakini kuna kituo kimoja cha vijana Unguja, wanapokea filamu fupi mpaka Jumatatu ijayo. Ikichaguliwa wanaionesha, na wanakupa kamera ukae nayo. Kamera yangu! Sitasubiri tena mtu amalize harusi yake ndipo nipate kupiga picha zangu. Nimemwambia Mama. Kasema Mungu akitaka, kisha kaniuliza kama nimekwishaanua nguo.

Ijumaa, 7 Februari

Ameimba! Ameimba! Ameimba!

Niandike kwa taratibu. Harusi ya Asya, Gando, mjukuu wa dada yake Bi Mwanawema. Sherehe ya wanawake baada ya sala ya Ijumaa. Mlangoni shangazi wa bibi harusi na kapu: simu zote ndani, hata ya bibi mwenye kitochi cha vifungo. Vilivyoingia ni vyombo vyangu vya kazi tu, kwa sababu wananijua. Amana yangu wanaijua: kazi ikisha nampa mama wa bibi harusi kadi ya kamera mkononi, na sura ya mke wa mtu haitoki. Baibui zikavuliwa. Subhanallah, wanawake wa kisiwa hiki wanavyopendeza wakiwa peke yao!

Mama alikuwa nami, kama kawaida. Mama yangu huyo, Bi Mwatum, ndiye fundi wangu wa sauti. Hakusomea, ila anakataa nitembee peke yangu na begi la watu, na mtu akishakuja lazima apewe kazi. Basi anashika kinasa sauti. Anakaa nacho mapajani, kimyaa, kama kapakata kuku.

Katikati ya ngoma Bi Mwanawema akasimama. Hakuna aliyemwomba. Akamshika Asya kichwani, akaanza ule wimbo wa makumbi, taratibu, wa kumwambia mwali kuwa anafukiwa leo ili kesho asukwe kamba isiyokatika. Ngoma zikasita. 

Nimempa mama wa Asya kadi yake. Lakini sauti iko kwenye kinasa. Kinasa ni changu, nilinunua mwenyewe kwa kuuza hereni.

Jumapili, 9 Februari

Sikulala vizuri. Sauti ni amana au si amana?

Asubuhi nikarudi Gando kumuuliza mwenyewe. Bi Mwanawema alikuwa anachambua mchele. Kasema, "Sauti chukua, mwanangu. Mie n'kifa yenda na mie. Sura tu niachie." Nikambusu mikono yote miwili na mchele wake.

Basi nimeunganisha. Mikono, matope, usumba, na juu yake ile sauti. Hakuna uso hata mmoja wa harusini, hakuna hata ukucha wenye hina. Nimepitia mara kwa mara, nimeficha kila kitu. Studio jenereta linanguruma na spika za kompyuta zinakwaruza, lakini hata hivyo machozi yamenitoka. Nimeituma.

Abdulnasir anauliza vyoo viko wapi. Vyoo kesho!

Jumatano, 12 Februari

Siamini. Imechaguliwa! Wameweka kipande mtandaoni, kile cha wimbo, na jina langu chini. Mpaka Adhuhuri kimefika kila grupu. Watu wa Pemba walioko Muscat wanalia. Mwalimu wangu wa sekondari ameandika "tunajivunia". Abdulnasir, Abdulnasir huyu huyu, kaniambia nikitaka kompyuta baada ya saa za kazi nisiombe.

Mama kasikiliza kwa simu ya jirani. Kaitikia wimbo. Kasema kumbe kazi yake ya kushika kile kidude haikuwa bure. Nikamwambia wewe ndiye fundi! Akajitia hasikii, lakini alifurahi, nilimwona.

Alhamisi, 13 Februari

Ya Allah. Siwezi kuandika.  Mama hajui bado. Nitamwambiaje?

Ijumaa, 14 Februari

Niandike. Nisipoandika nitapasuka.

Jana nilikuwa dukani Konde nanunua betri. Msichana wa duka alikuwa na hedifoni masikioni, ananitazama kwa jicho si jicho. Akazivua, akanivisha. Ilikuwa klipu yangu, ila mtu kaikata kipande na kukikuza sauti. Wimbo uko nyuma. Mbele, karibu kabisa, kama mtu anakunong'oneza ndani ya sikio, ni Mama.

"Khairat yule? Khairat wa Hafidh keshaachwa zamani. Keshatamkiwa ya tatu. Anakaa tu, masikini, hana pa kwenda."

Na mwanamke mwengine, "Wee! Ya tatu?"

Na Mama, "Ya tatu, nakwambia. Usinitaje."

Usinitaje! Na kinasa kiko mapajani mwake!

Alikuwa anamnong'oneza jirani yake wa mkekani, kama wanavyonong'ona wanawake wote harusini, na mimi nilikuwa mbali nahangaika na mwanga. Na nilipoediti, jenereta na zile spika zilimeza mnong'ono wote. Sikuvaa hedifoni. Kazi za vyoo navaa, harusi za watu navaa. Yangu mwenyewe, kwa haraka ya kuituma, sikuvaa. Sura nilizificha zote. Sauti nikaipeleka mpaka Muscat.

Kisiwa hiki nani hajui sauti ya Mama? Nusu ya Konde imefundishwa alifu na yeye, barazani kwetu, kwa sauti hiyo hiyo ya kukwaruza. Watu wazima wenye ndevu wakiisikia hukaa vizuri.

Na Khairat! Khairat si jirani tu. Mama ni somo yake. Ndiye aliyemfunda alipoolewa, ndiye aliyekaa naye siku saba za harusi. Siri ya mwali haitoki kwa somo yake hata kwa kisu. Sasa imetoka kwa wimbo.

Na jambo lenyewe! Talaka tatu, na bado wamo nyumba moja. Hiyo si aibu tu, hiyo ni haramu kila uchao. Mwanamke anazini na baba wa watoto wake, mtaa mzima unasikiliza kwa hedifoni.

Nimewaandikia Unguja waitoe. Wameitoa. Lakini ni kufunga zizi na ng'ombe keshaingia mtaani.

Jumamosi, 15 Februari

Nimemwambia Mama asubuhi, baada ya chuo chake cha Kurani, watoto walipokwisha kutoka. Nilimvisha hedifoni mwenyewe. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akazivua, akaziweka chini polepole kama zina moto.  Afadhali angenipiga.

Jioni wakaja. Mzee Mwalim wa msikitini, na mama mkwe wa Khairat, na wanawake wawili. Mzee Mwalim aliuliza kwa heshima tu, Bi Mwatum, watu wanasema hivi, sauti ni yako?

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia ya kahawa. Nikamsikia Mama yangu, mwalimu wa Kurani, aliyetuchapa sisi kwa uongo wa kijiko kimoja cha sukari:

"Wallahi si sauti yangu."

Nilikaribia kuiangusha sinia. Na hakuishia hapo! Kasema siku hizi kuna mitambo ya kutunga sauti ya mtu, na watoto wanafanya mzaha, na filamu ya bintiye imechezewa. Mzee Mwalim akaniita. Kweli, binti, kuna mitambo kama hiyo?

Nikasema ipo. Ipo kweli. Sikusema zaidi, na hawakuuliza zaidi. Wakanywa kahawa, wakaondoka wametua mizigo. Mama akaenda kuchukua udhu, akakawia kisimani mpaka nikaenda kumtazama.

Nilimuuliza kwa nini. Kanijibu bila kunitazama, "Somo kazi yake kuitunza nyumba ya mwali. Mie n'shaivunja kwa mdomo, wacha n'iunge kwa mdomo." Na yamini je, Mama? "Yamini ntajibu mie, si wewe."

Jumatatu, 17 Februari

Harusi mbili zimefutwa. Hazikufutwa zenyewe, nimefutwa mimi. Mama wa bibi harusi wa Shumba kapiga simu studio kusema watapiga kwa simu zao. Kwa simu zao! Maana yake simu ya mtu yeyote ina amana kuliko mimi.   Abdulnasir kanirudishia video ya vyoo, nihesabu meno.

Lakini sicho kilichonitia baridi leo.

Alasiri kaja Hafidh, mume wa Khairat. Nilimwona kwa dirisha, nikasema basi, leo tunauliwa. Mkononi kashika nguru mzima kwenye mfuko. Mzuri, mnene, macho bado yanang'aa. Kavua viatu, kasalimia shikamoo Bi Mwatum, kakaa. Katabasamu!

Kasema kaja kumshukuru Mama. Kwamba watu wabaya walitaka kumvunjia nyumba, na Mama kwa yamini yake kaifunga midomo yao. "Sasa hata yeye mwenyewe akisema, nani atamsikiliza? Bi Mwatum keshaapa."

Hata yeye mwenyewe akisema. Nilirudia maneno haya jikoni kama mjinga, mpaka yakanifungukia. Khairat anataka kusema! Kumbe si kwamba anaficha. Yeye ndiye anayefichwa.

Mama alikuwa kauma ukingo wa mtandio. Alipoondoka Hafidh, yule nguru tulimwacha sakafuni. Mpaka Magharibi hakuna aliyemgusa. Mwisho nikampa paka wa jirani, na nikamwonea paka huruma.

Jumanne, 18 Februari

Asubuhi sikwenda studio Wete. Nimesema naumwa. Nikakaa na hedifoni na laptop ya studio, niliyokuja nayo jana kumalizia vyoo, nikachomeka kinasa, nikafungua faili lote, si kile kipande nilichokata. Sijui nilitafuta nini. Labda nilitaka nimsikie Mama akisema kitu cha kumtetea.

Ngoma. Vigelegele. Mtoto analia. Wimbo. Kisha "usinitaje", pale ambapo mimi nilikata. Halafu wimbo unaendelea na yule mwanamke wa pembeni anauliza, kakwambia mwenyewe Khairat? Huenda ni hasira tu, wanawake tuna hasira.

Na Mama:

"Kaniambia nini! Mie n'lisikia kwa masikio yangu hano. N'likuwa uani kwake, n'mekwenda kurejesha chungu. Kamtamkia mbele ya jiko, neno kwa neno. Wao hawajui kama n'lisikia. N'liweka chungu n'karudi."

Nikavua hedifoni. Nikavaa tena. Nikasikiliza tena. 

Alikuwepo. Mama alikuwepo! Si umbea, ni ushahidi. Na keshaapa.

Baada ya Adhuhuri — naandika haya niko jikoni, nimekalia kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, karatasi inaruka — Khairat amekuja.

Kaja kwa miguu, na mkoba mdogo, na mtoto wake wa mwisho mgongoni. Nilitaka nimwangukie miguuni. Hakuniacha. Kasema, "Ummu, usilie. Miezi mie nalia n'taanzia wapi kusema, na weye umen'semea."  Mimi nimekonda kwa aibu yake, na yeye ananishukuru! Jana Hafidh kamshukuru Mama, leo Khairat ananishukuru mimi, na kila shukrani inanikata maini.

Kisha akakaa mbele ya Mama, chini, kama walivyokaa siku za kufundwa. Akasema yote. Kwamba tangu siku ile analala na watoto na mlango kauwekea sanduku. Kwamba Hafidh anamwambia sema, tuone nani atakusadiki, mie ntakana. Kwamba alipoisikia ile klipu alisujudu, kwa kuwa alidhani sasa imekwisha. Halafu akaletewa habari kuwa somo yake kaapa.

"Sikulaumu, somo yangu. N'najua umen'hifadhi. Lakini Ramadhani hino yaingia, na mie sitaki in'kute nyumba ile. Kesho n'enda kwa kadhi. Kadhi ataka shahidi. Sijui weye habari ilikufikaje, lakini twende ukaseme tu kuwa n'mekwambia."

Mama akaukunja ukingo wa mkeka, akaukunjua.

"Sina mwengine. Hapakuwa na ntu siku ile. Mie na yeye na jiko."

Mama akanitazama. Mara moja tu, lakini alijua kama najua. Sijui alijuaje. Labda hedifoni zilikuwa bado shingoni mwangu.

Akasema chai, Ummu, kamtilie mgeni chai. Akanifuata mpaka huku jikoni, akashusha pazia.  Kasema, kwa ile sauti ambayo nusu ya Konde inaijua, sasa imebaki mnong'ono, "Futa."

Nikamwambia, Mama, ulisikia kwa masikio yako.

"Futa, mwanangu. N'shaapa mbele ya watu. N'kenda kwa kadhi n'kasema n'lisikia, nani tena atan'letea mtoto wake n'mfundishe Kurani?"

Ndiyo hilo basi. Siku zote nilidhani anailinda nyumba ya Khairat. Sijawahi kukasirika na Mama hivi, na sijawahi kumhurumia hivi, vyote kwa pamoja. Akajifuta uso kwa mtandio, akarudi sebuleni, akamchukua mtoto wa Khairat, akambembeleza. Namsikia anamwimbia.

Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Faili moja tu. Nikilifuta, Mama ni mwalimu mpaka afe, na Khairat kesho anarudi kwa Hafidh na sanduku lake mlangoni. Nisipolifuta, mimi ndiye ninayemvua Mama yangu nguo mbele ya watu, kwa mara ya pili, na safari hii si kwa bahati mbaya. Ya Rabbi, mimi nilitaka wimbo tu!

Chai imechemka. Khairat ananiambia kutoka sebuleni nisitie sukari nyingi, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Nimepanga vikombe. Nimechomoa waya wa hedifoni, sauti isikike chumba kizima. Nimeiweka laptop kwenye sinia, kati ya buli na bakuli la sukari, iko wazi, nimenyanyua sinia na imekuwa nzito, nimeitua tena niandike hili.

Mama kafunua pazia. Kaiona sinia. Kasimama mlangoni, na mtoto wa Khairat begani kwake keshalala. Naweka kalamu, nainyanyua sinia.